Rangi Aliyoiona Kaka Yako

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakushika miguu yote miwili, ule mzima na ule wenye goti korofi, nikitumaini goti hilo siku hizi linakutii unapopanda ngazi za barazani. Sisi huku wazima. Mke wangu, mkwe wako, hajambo, na mjukuu wako hajambo, ila meno ya mbele yameng'oka na sasa anacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mimi ndiyo sijui niseme sijambo au nina jambo. Soma, utaamua mwenyewe.

Dada amenidokeza kwamba umekwisha sikia ni nani anayetutengenezea jiko, na kwamba umeapa hutakanyaga nyumbani kwangu maadamu kuna ubao uliopigwa randa na mkono wake. Ni kweli, mama, fundi ni mjomba. Sikukusudia kukudharau. Fundi wa kwanza alichukua vipimo akapotea navyo, wa pili alitaka kutuwekea mbao zinazovimba zikinusa maji tu. Na kisa chenu nakijua nje ndani, nimekua nacho. Ulipoolewa kaka yako alikuchongea kabati la zawadi. Ulimwomba la kijani, akakuletea la rangi ya tope, na ulipomuuliza mbele ya mama mkwe na mawifi, akaapa kuwa ni kijani. Mawifi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ukamwita mwongo, akageuka akaondoka, na tangu siku hiyo mnaonana misibani tu. Basi nivumilie nikusimulie habari za jiko, kisha unihukumu.

Kuchagua vitu vya jiko, mama, ni kazi inayoweza kuvunja ndoa. Mkwe wako alitaka kaunta yote iwe ya graniti ili atue sufuria ya moto popote apendapo. Mjomba alisema jiwe halina huruma na vikombe, akataka mbao ngumu. Walivutana asubuhi nzima, mimi nikijifanya mwamuzi ingawa hakuna aliyeniteua, mwisho wakapatana: graniti karibu na jiko la gesi, mbao upande wa kukatia mboga. Sinki tulichukua lenye kina, ambalo sufuria kubwa inaingia nzima bila kulazwa ubavu. Vishikio vya shaba vilikataliwa kwa sababu vinadai kusuguliwa kila siku, na katika nyumba hii wa kusugua ni mimi. Mjomba akachonga mfuo kwenye ukingo wa kila mlango, vidole vinaingia humo vyenyewe. Nakuambia, ukifungua droo zake husikii hata mkwaruzo.

Tukafika kwenye rangi. Mjomba alitaka vanishi tupu, kama ilivyo kwa kazi zake zote. Unajua watu wanavyomsema, kwamba ana maringo, hapaki rangi hata umsujudie. Mke wangu naye akashikilia kuwa milango iwe ya kijivu, kijivu kilichopoa kama majivu ya jana, tena rangi isiyong'aa, maana ya kung'aa inatangaza kila kidole kilichopita. Mjomba akakubali kwa sharti kwamba niende naye dukani, kwa kuwa yeye rangi hachagui peke yake. Nilijiona mtu wa maana sana kuombwa hivyo.

Mke wangu akatukabidhi kipande cha sampuli, akaenda kwao kuwaona wazee. Dukani tulikiweka kile kipande juu ya vifuniko vya makopo, kimoja baada ya kingine, mpaka tukapata kilichofanana nacho kabisa. Muuzaji akatuuliza kama tuna hakika, akauliza tena, akatushauri tukalitazame kopo nje kwenye jua. Mjomba akamjibu kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Tukarudi nyumbani tukipongezana. Tukapiga msasa, tukapaka, tukapaka tena, tukasimama mlangoni na vikombe vya chai kuitazama kazi yetu. Kijivu safi, mama. Tulikubaliana neno kwa neno.

Mke wangu aliporudi alisimama palepale tuliposimama sisi. Akauliza: "Hili ni jiko au keki ya kuzaliwa?"

Kumbe tumepaka waridi! Waridi la mashavu ya mwanasesere, kutoka dari hadi sakafu. Mwanzoni alicheka. Ubaya ulianza tulipombishia. Nilimwambia ni kijivu, mjomba akaniunga mkono, naye kadiri tulivyosisitiza ndivyo uso wake ulivyobadilika, mpaka akasema kwa sauti ndogo kwamba kukosea rangi angesamehe, ila kumfanya mjinga nyumbani kwake hatasamehe. Akaingia chumbani akafunga mlango. Hapo, mama, ndipo nilipokuelewa wewe, baada ya miaka yote hiyo ya kukisikia kisa. Na nilipogeuka nikamkuta mjomba anakusanya vyombo vyake. Randa na msasa vilikuwa tayari mkobani. Alisema njia hii aliwahi kuipita na anajua inakoishia. Aliacha kupaka rangi, aliniambia, kwa sababu rangi ilimnyang'anya dada, na sasa inataka kumnyang'anya mpwa. Nilimshika mkono nikamwomba akae, ingawa sikujua nitamwambia nini akishakaa.

Aliyetuokoa ni shemeji yangu, dada wa mke wangu, yule muuguzi wa kliniki ya macho, aliyekuja kuona jiko jipya. Aliliona, akatuona na sisi, wala hakucheka. Akaomba kalamu za rangi za mjukuu wako, akatuketisha mezani mimi na mjomba kama watoto wa chekechea, kila mmoja na fungu lake, akatuambia tuweke pamoja zinazofanana. Mke wangu alitoka chumbani kuchungulia. Tulipomaliza, mafungu yangu na ya mjomba yalikuwa mamoja: waridi na kijivu zimelala pamoja, kijani na kahawia zimelala pamoja. Mjukuu wako alianguka kwa kicheko. Mke wangu akaweka mkono kifuani, akaja akanishika bega.

Tumekwenda kwa daktari na amethibitisha. Usishtuke, si ugonjwa, hauumi wala hauzidi. Ni macho yaliyozaliwa hivyo, hayatenganishi baadhi ya rangi. Kumbuka ulivyokuwa ukinituma nyanya zilizoiva nikarudi na mbichi, ukaniita mzembe. Daktari alisema mara nyingi jambo hili hupitia kwa mama, naye mwenyewe huona rangi zote vizuri, likawafikia wanawe wa kiume. Bibi alimpa kaka yako. Wewe ulipewa ukalibeba bila kujua, ukanipa mimi. Watu husema nimechukua kwa mjomba kutembea na kucheka. Kumbe hata macho.

Milango imepakwa upya, na safari hii mke wangu alilifungua kopo mwenyewe. Ndani ya makabati ameacha waridi, anasema linamfurahisha kila anapotafuta kijiko.

Lakini ninayotaka ujue ni haya. Tulipotoka kwa daktari, mjomba alirudi nami. Tulipofika kwangu aliketi kwenye kigoda chake katikati ya mavumbi ya mbao, akafuta miwani, akaniuliza: "Kwa hiyo lile kabati la mama yako lilikuwa rangi gani?"

Mama, jibu nilikuwa nalo, nimelisikia tangu utoto. Lakini si langu kulitoa. Alikuletea kijani alichokiona, akaapa kwa kweli yake, na wewe ulilia kwa kweli yako. Nilimwambia swali hilo lina mwenyewe. Njoo, mama. Nauli na chumba nitashughulikia mimi, wewe leta goti tu.

Wasalimie majirani wote, na dada umwambie umbeya wake safari hii umezaa matunda. Mkwe wako anakusalimu, mjukuu wako anakusalimu kwa ufizi. Na ipo salamu moja ambayo tangu nizaliwe sijawahi kutumwa: kaka yako anakusalimu.

Ni mimi,
kitindamimba wako.