Chai ya Baba Nyamizi

Baba Nyamizi,

Nimekwenda Tosamaganga kwenye semina ya walimu wa chekechea, nitarudi jioni. Nyamizi yuko kwa jirani, Bi Mwanakhamisi. Maharage yapo jikoni. ~~Ugali nimekufunikia.~~ Ugali utasonga mwenyewe, maana asubuhi umenibamizia mlango.

Sukari sikukunyima kwa kiburi. Lile jarida ninaloletewa kwa posta linasema mtoto aliyechelewa kusema asipewe kitu kwa kunyoosha kidole tu. Asubiriwe mpaka ajaribu kutamka. Wiki nzima namsubiri Nyamizi, naye ananyoosha kidole na kuguna. Nikawa najiuliza haya kajifunza wapi. Leo nikakuona mezani: kidole kwenye sukari, "mh!", macho gazetini. Basi nikakusubiri na wewe. Mtoto wa miaka mitatu huwa anavumilia. Wewe umesusa chai ukaondoka.

Ukirudi kazini mchana pita posta, toleo jipya litakuwa limefika. Usilichane kusokotea tumbaku kama lile lililopita, bado sijajua mwisho wake lilisema nini.

Na mama yako akija tena na habari yake ya kumpeleka mtoto akakatwe chini ya ulimi eti ndipo aseme, mwambie haendi mtu. Ulipotoka tu, Nyamizi alinyooshea kidole kikombe chako. Nikasubiri. Akaguna. Nikasubiri. Akasema, "Chai."

Kwa hiyo usiitafute. Yeye aliiomba.

Mama Nyamizi