Damu ya Bakari

Mbeya, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na ule mguu uwe umeacha kukusumbua. Mimi mwili mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Nikifua nguo vidole vinakufa ganzi. Masomo ya uuguzi yanakwenda. Nimempa barua dereva wa basi kwa sababu kwenye simu ningelia nisimalize. Isome peke yako kwanza, kabla hujampa dada Zuhura.

Juzi, baada ya chakula cha mchana, daktari mgeni alikuja kutufundisha magonjwa ya nadra, yale yanayompata mtu mmoja mmoja. Akaanza na ugonjwa wa damu isiyoganda. Mwenzetu akauliza, "Daktari, hili litatoka kwenye mtihani?" Akajibu kwa unyonge, "Halitoki." Basi, madaftari yakafungwa, simu zikatolewa. Neema, ninayekaa naye, akaninong'oneza, "Haya si magonjwa ya Wazungu? Sisi tutayaona wapi?" Hata mimi nilikuwa nasinzia.

Daktari akaendelea tu. Akasema mtoto wa kiume huzaliwa nao, ukimtazama ni mzima. Jino likitoka, damu haikomi. Akianguka, goti linavimba. Kisha anapelekwa jando, na jeraha ambalo kwa wenzake linakauka, kwake linavuja mpaka anakwisha. "Na hapo," akasema, "watu humlaumu ngariba."

Mama, usingizi wote uliniruka. Nilimwona mdogo wangu Bakari kwenye ule mkeka, kanga zako zote zimelowa, na Baba anapiga kelele kwamba ngariba, Mzee Mhando, amemuulia mtoto kwa mkono wake mchafu. Nikauliza ugonjwa unatoka wapi. "Hurithiwa," akasema, "mara nyingi kwa mama, na mama mwenyewe haumwi wala hajui." Neema aliweka simu chini alipoona nalia. Darasa zima tutatawanywa mahospitalini, Mama, na akiletwa mtoto kama Bakari sijui nani atamtambua.

Si kosa lako. Narudia kukuandikia: si kosa lako. Hukumpa kwa kupenda, na huenda hata mimi na Zuhura tunao na tutawapa wanetu. Ndiyo maana naandika mbio. Hamisi wa Zuhura goti linamvimba kila akicheza mpira, nanyi mnasema ni utundu. Shule zikifungwa mmepanga kumtahiri. Msimpeleke, nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mpelekeni kwanza hospitali kubwa, mwambieni daktari yaliyompata mjomba wake, apimwe kama damu yake inaganda. Akikutwa nao, dawa ipo, na tohara atafanyiwa hukohuko na wanaoujua. Kwa sasa akiumwa asipewe aspirini, huzidisha damu kutoka. Baba atasema ameshaalika watu msikitini, aibu ataiweka wapi. Mwambie watu watasema wiki moja, watanyamaza. Bakari hatujampata tena.

Mpe Baba shikamoo yangu kabla hujamwambia lolote. Mkumbatie Zuhura, usimwache peke yake akishaisoma hii. Hamisi mwambie mama mdogo anamwomba mpira auweke kando kidogo. Shangazi wa Muheza mwambie machungwa yake nayaota.

Amebaki mtu mmoja ambaye sijawahi kumtumia salamu. Mzee Mhando aliacha kazi ya ngariba tangu siku ile. Miaka yote hii akipita mlangoni kwetu husema, "Asalaam aleikum," na ndani tunanyamaza, sisi tunaojiita Waislamu. Naye haachi kusema. Mfikishie shikamoo yangu. Na kesho akipita, Mama, mwitikie.

Mwanao akupendaye,
Mwanahawa