Ukoo wa Pasi Tatu

4 Februari

Kwa binti yangu, Mshauri wa ukoo,

Pokea salamu tele za baba yako. Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamika, nayo nimeyaambia yapange foleni. Wewe hujambo? Baridi ya huko imelegea? Na kazi ya kufulia hospitali bado ni mashuka tu, au siku hizi wanakupa na mapazia upumzishe macho?

Kile kitabu ulichonitumia mwezi wa kumi na moja nilikimaliza kwa siku tatu, wateja wakaninunia. Lahaula! Pale mkubwa wa ukoo anapokaa mezani na wanawe, anakata mkate taratibu, halafu anasema, "Anayemgusa mmoja wetu ametugusa sote," nilijikuta nimesimama wima. Mimi, dobi, na suruali ya mtu mkononi! Unajua kwa nini navipenda vitabu hivi vya koo za majambazi. Maisha yangu yote ni "ndiyo bwana, kesho asubuhi bwana." Mkaguzi wa maji akikohoa tu, naitika. Mle ndani kuna mtu ambaye akikohoa yeye, wengine ndio wanaoitika. Nikikifunga kitabu narudi kwenye udobi wangu, lakini nusu saa nzima natembea dukani kama mwenye mji.

Basi tuma ule mwendelezo wake. Ila kusoma peke yangu hakuna raha. Unakumbuka nilivyokuwa nawasomea kwa sauti, wewe na Mama Pasi mkinyoosha, pasi tatu zinatoa mvuke, tukapeana vyeo? Mimi Mkubwa, wewe Mshauri, yeye Mlinzi wa Mlango. Herufi hakuzijua, lakini ukurasa akiusikia mara moja umekwisha, umeingia kichwani. Tangu aondoke nimebadilisha wapiga pasi wanne. Huyu wa sasa ananyoosha kola kama anakanda unga.

Baba yako, Mkubwa


27 Februari

Baba yangu, shikamoo.

Natumaini magoti yamepata nafuu. Mimi mwili hauna shida. Moyo ndio mgonjwa, na leo nitakwambia ugonjwa wenyewe.

Kitabu nilikinunua. Nikaanza kukisoma mimi kwanza, wakati wa mapumziko kazini, kama kawaida yetu. Nilipofika kama ukurasa wa tisini, mtoto wa mkubwa anamgonga mtu kwa gari, anamuua. Ukoo unakaa, wanashauriana, wanaamua kusema kwamba aliyekuwa kwenye usukani ni dereva wao. Dereva amewatumikia miaka ishirini. Anachukuliwa na polisi asubuhi, harudi. Mwandishi kampa mistari miwili, halafu watu wanaendelea kula. Zamani ningegeuza ukurasa tu. Baba, vitabu vyote vile tulivyosoma, kila mmoja wetu alijiona yeye ndiye mwana wa mkubwa. Hakuna aliyesoma akajiona dereva.

Wewe umeandika kwamba Mama Pasi "aliondoka". Hakuondoka. Ulimfukuza mbele ya hakimu na mtaa mzima ukisikia, kwa sababu ya joho la hakimu ambalo yeye Mama Pasi alisema ameliunguza. Hakuliunguza yeye. Niliyeliunguza ni mimi.

Zilibaki siku tisa nisafiri. Wewe ulikwenda kununua sabuni, yeye alikuwa uani anaanika. Nilikuwa na pasi mkono mmoja na kitabu mkono mwingine, na nilikuwa nimefika pale ukoo unapolipiza kisasi. Nikaisahau pasi. Nilipouona moshi, alama nzima ya pasi ilikuwa imeshajichora mgongoni mwa joho. Nikalikunja, nikaliweka rafuni. Yeye aliporudi alilikunjua, akalitazama, akanitazama na mimi. Hakimu alipokuja akaanza kufoka, wewe ukauliza nani, mimi nikatazama sakafu. Akasema, "Ni mimi, mzee." Ukamwambia atoke na asikanyage tena. Huyo ndiye mwanamke aliyenilea tangu Mama atutoke, niliyemwita shangazi! Nikasafiri nimevaa nguo alizoninyooshea yeye.

Ni miaka sita sasa. Nasikia hakuna dobi aliyemchukua tena, maana hakimu alimtangaza kila mahali. Nakuomba umwendee. Mwambie ukweli, uuseme pia mbele ya waliosikia siku ile, jina lake lisafike. Usipofanya hivyo, nitamwandikia hakimu mwenyewe.

Mwanao


15 Aprili

Baba, shikamoo.

U mzima? Wiki ya saba hii, na posta haijagoma, nimeuliza. Kama umekasirika, nitukane. Nitakula matusi yako yote, ila usininyamazie, tafadhali. Kila mama wa makamo akipita hapa kazini na kikapu cha nguo, nainamisha kichwa.

Mwanao


9 Mei

Binti yangu,

Salamu. Siumwi. Barua zako zote mbili nilizipata, nikaziweka chini ya godoro la meza ya pasi kama mwizi.

Ulidhani unanipa habari. Mwanangu, nilijua. Nilijua tangu nilipolishika lile joho, hakimu hajamaliza hata kufoka. Humu dukani joho linatandazwa namna moja tu, kola upande wa dirisha, kushoto kwa anayenyoosha. Mtu wa mkono wa kulia akiisahau pasi, ncha yake inatazama kola. Ile ilitazama pindo. Na katika duka hili anayetumia mkono wa kushoto ni mmoja tu, tena nimemzaa mwenyewe.

Kwa hiyo niliuliza "nani" na jibu ninalo. Aliposema ni yeye, nilimshukuru Mungu. Ndiyo, nilishukuru! Hakimu ndiye aliyekuwa anakudhamini kwenye karatasi za safari. Ningesema ni binti yangu, angezichana palepale, na wewe leo ungekuwa hapa unapigana na kola pamoja nami. Nikafanya ambalo mkubwa yeyote angefanya. Damu ni nzito kuliko maji. Siku ile nilifunga duka nikijisikia mtu mzito kweli, mtu wa kwenye vitabu, kwamba na mimi safari hii nimeulinda ukoo.

Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Mwache mama wa watu apumzike. Nikasimame mtaani niseme nini? Kwamba mzee mzima na mvi zake alijua? Usiniaibishe uzeeni. Na hicho kitabu kitume tu, usiniadhibu kwa kitabu.

Baba yako


25 Mei

Baba, shikamoo.

Nitaandika machache.

Kumbe tulijua sote watatu! Miaka sita nimelala nikidhani nakuficha wewe, kumbe na wewe unanificha mimi, na aliyetolewa nje ni yule ambaye hakuwa na kosa la kuficha. Unasema ulifanya hivyo kwa ajili yangu. Usilirudie hilo, nakuomba, kwa sababu mimi ni dhaifu, nitalishika na kujifariji nalo. Mshahara ninaokula, chumba ninachopanga, hata hili koti, vyote vimepitia mgongoni kwake. Najichukia, Baba, na wewe nakukasirikia, na bado nakupenda, sijui vinakaaje pamoja.

Barua ya hakimu nimeiandika. Iko mezani, bado stempu tu. Nakungoja hadi mwisho wa mwezi wa saba. Kitabu sikitumi.

Mwanao (na usiniite Mshauri tena)


30 Julai

Mwanangu,

Salamu. Afya ninayo, na naona haya kuwa nayo.

Nilianza kwa hakimu, kwa sababu niliona huko ndiko kugumu. Siku hizi amestaafu, nilimkuta anamwagilia maua. Nilivaa shati langu la heshima, nikajiandaa kutukanwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Joho gani?" Nikaeleza upya, na alama, na ulivyosafiri. Hakulikumbuka. Alishonewa jingine wiki ileile. Akaniuliza kama bado nafua mazulia.

Kesho yake nikasimama mlangoni pa duka, nikawaita wale wa siku ile, fundi viatu, muuza vitambaa, na wale wa kinyozi. Nikasema yote: binti yangu ndiye aliyeunguza, mimi nilijua, yule mama hana kosa. Nilidhani watanizomea. Fundi viatu akanitazama tu, akasema, "Mzee, sisi huyu mama tulimpachika jina la Mama Moshi. Hata watoto wanamwita hivyo mpaka leo." Akarudi kwenye kiatu chake. Wateja wawili wamehamia kwingine, na ni haki yao.

Kisha nikaenda kwake. Nilikaa siku nne kabla ya kwenda, usidhani nilikimbia mbio. Anaishi chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, anafulia watu majumbani, kwa mkono. Vidole vimevimba viungoni, hata kufungua mlango ilimchukua muda. Aliniamkia kama zamani, akanipa kiti, yeye akakaa kitandani. Nikamweleza kuhusu wewe, ncha ya pasi, na mimi. Nikamwambia kwamba mtaani nimeshasema.

Akasema, "Hayo ya mtoto nayajua, mzee. Kushika pasi nimemfundisha mimi." Akanimiminia chai. Halafu akaniambia jambo, nami nakuandikia kama alivyolisema, sijaongeza wala kupunguza:

"Mimi nilidhani ni kama kwenye vitabu. Mkubwa anamfokea mtu wake mbele ya wageni, anamfukuza, mambo yakipoa anatuma gari kimyakimya anamrudisha. Ulivyofoka siku ile nikasema moyoni, haya, huyu mzee kumbe anajua kuigiza! Nikaja hapa. Kila asubuhi naoga, navaa viatu, nakaa karibu na mlango. Miezi mitatu. Kazi nyingine sikutafuta, nisije nikawa sipo mtakapomtuma mtu. Majirani wakiniuliza kulikoni, nawaambia, nyie hamjui mambo ya nyumba yetu."

Alisema hivyo, "nyumba yetu", mara mbili.

Kisha akaniuliza, wala hakuwa na hasira, "Hivi ulikuwa unangoja nini, mzee?"

Mwanangu, uongo wa kumjibu ulikuwa mwingi, na alikuwa tayari kuupokea, nilimwona usoni. Ningesema nilimwogopa hakimu. Ningesema nilituma mtu hakumkuta. Lakini sikuwa nangoja kitu. Kumwita hakukunijia akilini hata siku moja. Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimeshapata mpiga pasi mwingine.

Nikabaki nakizungusha kikombe. Alinipa muda, akaningoja. Kisha akaelewa. Akainuka, akachukua kikombe changu kikiwa na chai nusu, akaenda kukiosha.

Baba yako