Mlima Niliouchagua

Shangazi Notburga mpendwa,

Natumaini kikohozi kimekuachia. Huku theluji imefika madirishani, na ng'ombe wa Mama amezaa ndama mwenye doa jeupe usoni.

Unaijua desturi yetu: anayetimiza miaka kumi na tano ndiye anayechagua mlima wa kwenda kuteleza kwa skii likizo ya Februari, na mwaka huu ni zamu yangu. Kaka Quirin alichagua ule wenye njia nyeusi, zile kali kabisa. Mwaka jana nilianguka huko nikaserereka chali hadi kwenye wavu wa usalama kando ya njia. Tangu hapo nimekuwa nikiota naanguka, lakini sikumwambia Baba. Niliogopa ataona aibu kwa ajili yangu, yeye bingwa wa kijiji.

Jumapili tukiwa mezani Baba akauliza, "Haya, Leni, tunakwenda wapi?"

Nikajibu kwa sauti ndogo, "Kilima cha Brandl. Njia zake ni pana na hazina mteremko mkali. Zinanifaa."

Quirin akaangua kicheko. "Kwa watoto wa chekechea? Nikubebee na chupa ya maziwa?"

Baba hakucheka. Alilishika goti lake. "Hili halijapona vizuri tangu upasuaji. Ule mlima nashuka nimeuma meno. Nilikuwa naomba mmoja wenu achague kwingine."

"Sasa mbona hukusema?" Mama akauliza.

"Ili Quirin aniletee hiyo chupa?"

Jana tulishuka Brandl polepole, Baba nyuma yangu akiimba vibaya. Nikalala bila kuota.

Njoo na skii zako za zamani, Shangazi. Hakuna atakayekukimbiza.

Wako,
Leni