Saa Yenye Njaa ya Mwanga

Suwa, Novemba 12

Mdogo wangu Takuma,

Baridi imeingia, asubuhi ziwa linafuka mvuke. Mboga za chumvi nimeshaziloweka, za kwako pia.

Juzi nilikwenda kwa baba. "Kila siku natembea kando ya ziwa," akaniambia, kama anavyosema kwenye simu. Alikuwa amevaa ile saa inayoendeshwa na mwanga, aliyopewa kiwandani alipostaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kuunda saa. Nikauona mshale wa sekunde unaruka mbili mbili.

Unakumbuka alivyotufundisha: ikiruka mbili mbili, ina njaa ya mwanga.

"Imezeeka," akasema, akaifunika kwa mkono wa sweta.

"Nipe niione, baba."

"Wewe umekuwa fundi lini?"

Nikamvua saa hivyo hivyo. Mbao za kufungia dirisha zilikuwa zimekwama kwa vumbi, nikazisukuma kwa bega zikafunguka. Saa ikakaa juani hadi alasiri, na mshale ukarudi kwenda moja moja.

Saa haijazeeka, Takuma. Baba hajatoka nje tangu mazishi ya mama, tangu ulipomwambia mbele ya watu kwamba afadhali angekufa yeye. Miezi saba. Chakula analetewa na jirani, nimemuuliza.

Nilipomvalisha tena saa yake hakuniangalia. Akauliza taratibu, "Ile ya mwanga niliyompa Takuma, bado anaivaa?"

Nikasema sijui.

"Mwambie asiifungie kwenye droo."

Usinijibu mimi.

Dada yako,
Kinue