Mkono wa Poni Haufiki Sikioni

Jumatatu, 3 Februari
Uji umemwagikia sare ya mtoto tena. Mpya! Nimeifuta, tukaondoka hivyo hivyo. Hapa Mvara bado wanapima watoto wa darasa la kwanza kama enzi zetu: mkono wa kulia upite juu ya kichwa, uguse sikio la kushoto. Poni wangu ana miaka sita. Vidole vyake viliishia kwenye nywele.

"Mama Poni, mutoto bado," mwalimu akasema. "Mukono haifiki. Rudisha ye kwa chekechea."

Anasoma. Anahesabu. Hakuna aliyemuuliza. Nimerudi nyumbani na hasira.

Jumanne, 4 Februari
Baba Poni amepiga simu kutoka Koboko, kazini kwake. Ushauri wake: tusubiri. Tangu huyu mtoto azaliwe wa miezi saba naimbiwa wimbo huo. Hakai? Subiri. Hatembei? Subiri. Wenzake wakikimbia, yeye bado anashika ukuta. Nimechoka kusubiri.

Alhamisi, 6 Februari
Kwa daktari, Arua mjini. Macho sawa, masikio sawa, akili sawa. Mwili ndio mdogo, na kifua kiangaliwe. Atachoka upesi kuliko wenzake. Mkono haupimi akili, akasema. Nimerudi na hilo la mwisho tu.

Ijumaa, 7 Februari
Mama mkwe ametoka Abuku na chupa ya mafuta ya simsim. Kumbe ni ya kumkanda Poni bega, kisha auvute mkono ili urefuke. Urefuke! Mtoto ni unga wa chapati? Nimemfokea mama wa watu, halafu nikaona haya. Jana mimi mwenyewe nilimfundisha Poni kuinamisha kichwa ili alifikie sikio. Alinikatalia. "Mwalimu alisema kichwa ikae sawa."

Jumatatu, 10 Februari
Nimeshinda. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu na mdomo wangu wote. Mpe kitabu, nikasema. Poni akasoma ukurasa mzima, polepole, bila kukosea. Amekubaliwa.

Njiani niliongea peke yangu kama kasuku. Kabla ya kufika nyumbani Poni akaketi chini, anahema.

"Mama, kwa wale wadogo wa chekechea, tukikimbia, mimi sio mutu ya mwisho."

Nilimbeba mgongoni. Nimkasirikie nani sasa? Shule nimeishinda.

Jumanne, 11 Februari
Hasira bado ipo, haina pa kwenda. Nimesugua masufuria yote.

Jumatano, 12 Februari
Nimemrudisha chekechea. Ataingia darasa la kwanza na miaka saba. Na iwe. Mwalimu mkuu alinitazama kama mwendawazimu, nami nikamuaga. Baba Poni kwenye simu aliuliza tu kama mtoto amekula, namshukuru.

Getini Poni aliniachia kidole, akakimbilia wenzake. Kulikuwa na wawili nyuma yake. Nikaenda sokoni kununua mboga.