Sauti Yako Darasani kwa Pavel

Guangzhou, 1998

Mwalimu Shabani,

Leo nimefukuzwa kazi. Nakuandikia wewe kwa sababu umo ndani ya jambo hili, na kwa sababu sina mwingine hapa wa kumwambia.

Uliponikuta nilikuwa mchuuzi wa nguo kutoka Tanga, nanunua kwenye soko la jumla la Shisanhang, Kiingereza changu cha kuulizia bei tu. Ukanikalisha kwenye mgahawa wa barabara ya Huanshi ukaniambia, "Mwanaisha, shika koo. Sema zzz. Sasa sema sss." Nikahisi koo linatetemeka, kisha likatulia. Watu wa meza ya jirani wakatucheka. Wewe hukujali.

Ulisoma Prague miaka sita, na hukuacha kulinganisha. Mcheki huandika led, yaani barafu, lakini mwishoni mwa neno koo lake huacha kutetemeka, akatamka let. Ndiyo maana "bag" kinywani mwake huwa "bak". Th hana, w hana, na mkazo huuweka silabi ya kwanza daima. Sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho. Mwingereza huuhamisha atakavyo, na irabu zisizo na mkazo huzimeza nusu. "Th tunayo kwenye thamani," ulisema, "na ng' tunayo kwenye ng'ombe. Usimwonee mtu haya."

Wewe mwenyewe, Mwalimu, mbona uliwaonea haya?

Shule ile ya lugha ilipokuita kwenye usaili, walikusikiliza wakaridhika kabisa. Kisha laoban, bosi wao, akasema wazazi wanataka mwalimu anayefanana na Mwingereza. Wakamchukua Pavel, Mcheki mwenye nywele za rangi ya mahindi, asiyeweza kusema "think". Wewe wakakupa chumba chenye maikrofoni ukasoma masomo yote kwenye kanda. Mimi wakaniajiri kuzicheza darasani.

Nilikuambia ukatae. Ukajibu, "Wanafunzi watasikia matamshi sahihi. Inatosha."

Haikutosha! Nilikukasirikia hadi ulipolazwa, na hata ulipolazwa nilikuja mara mbili tu. Nimonia haikusubiri hasira yangu ipoe.

Tangu tukuzike, kila asubuhi nimebonyeza kitufe nawe ukaanza, "Ship. Sheep." Pavel alisimama ubaoni akionyesha maneno kwa fimbo. Wanafunzi waliamini ni sauti yake, eti mashine imeisafisha. Nami nilinyamaza. Miezi mitatu nilinyamaza.

Leo msichana mmoja, Meiling, akanyoosha mkono akauliza: kwa nini kanda inasema "bag" na mwalimu anasema "bak"? Sikio lile ni kazi yako. Uso wa Pavel ukaiva. Laoban alikuwa mlangoni. Nikasimamisha kanda nikawaambia hiyo ni sauti ya Shabani wa Pangani, Mwafrika, na kwamba amekufa.

Laoban akasema msiba umenichanganya akili. Akamgeukia Pavel anikanushe.

"Ni kweli," Pavel akasema. "Sauti si yangu." Akakaa kwenye kiti, akainamisha kichwa.

Unafikiri waliona aibu? Mimi nimefukuzwa palepale. Pavel wamembakiza, maana nywele zake bado ni zilezile. Kanda zako laoban amezikusanya mwenyewe akazifungia kabatini, na Pavel ameamriwa arekodi upya masomo yote. Nimelitaja jina lako, Mwalimu, na papo hapo nimekunyamazisha. Wewe ungebaki bila jina, ukaendelea kusema. Sijui ni kipi ungechagua. Naogopa kwamba najua.

Nilipofika chini ya ngazi, Meiling alikuwa ananisubiri na wenzake wawili. Walitaka niwafundishe mimi. Nikawaambia mimi si mwalimu, mimi nauza nguo. Hawakuondoka. Nikawaambia basi, Jumapili, baada ya swala ya adhuhuri.

Nakuahidi hivi: nitawafundisha nikiwa nimesimama mbele yao, na uso wangu huu huu. Nitakosea, maana hukumaliza kunifundisha. Asiyetaka kunitazama asije.

Buriani, Mwalimu wangu. Mungu akurehemu. Mimi bado nimekukasirikia, na siku hasira hii itakapokwisha nitakuja kaburini kukuomba radhi. Kabla ya siku hiyo usinitazamie.

Mwanaisha